Meza ya Bibi wa Mlango wa Pili

Yule bibi hakuwa mtu wa kuuliza hali. Habari za asubuhi, habari za watoto, habari za baridi, hizo alituachia sisi Waswahili tunaosalimiana mpaka chai ikapoa. Yeye swali lake lilikuwa moja tu, ukikutana naye kwenye lifti, kwenye chumba cha kufulia au kule chini kwenye masanduku ya barua: "Umekula?" Ukisema ndiyo, alikutazama kwa mashaka. Ukisema bado, umekwisha. Utashikwa mkono na kuingizwa ndani, na hutoki mpaka uombe msamaha kwa kushiba.

Alikuwa Mkorea, jirani yangu wa mlango wa pili katika ghorofa moja karibu na makutano ya barabara za Yonge na Finch, kaskazini mwa Toronto. Nilihamia pale kutoka mtaa wa Thorncliffe Park na binti yangu Zuhura, wakati huo bado yuko shule ya msingi, tukamkuta bibi keshaota mizizi. Mjane, mfupi, nywele amezikata na kuzitia dawa zikajikunja, na kichwani kofia ya jua yenye ukingo mpana ambayo aliivaa hata siku za mawingu. Kiingereza chake kilikuwa cha dukani: bei, asante, imekwisha, njoo kesho. Changu ni cha shule ya Tanga na cha mapokezi ya kliniki ya meno ninakofanya kazi. Tulikutana katikati. Kwa hiyo maneno yake nitakayoyaandika hapa nimeyavisha nguo kidogo, kwa kuwa mengine aliyasema kwa mikono na mengine kwa kugonga mwiko juu ya sufuria.

Jina lake sikuwahi kulitumia. Kwao mwanamke akishazaa jina lake huwekwa kabatini, akaitwa mama wa fulani, kama kwetu. Siku aliyosikia mtu akiniita Mama Zuhura alipiga makofi pale pale kwenye lifti. "Kumbe nyinyi pia mna adabu!" Kuanzia hapo mimi nikawa Mama Juhura, kwa sababu ulimi wake haukuiweza ile herufi ya z. Yeye alibeba jina la mwanawe wa kiume, wa kwanza, na kanisani kwao hakuna aliyemwita kwa lingine. Sisi nyumbani kwetu tulimwita Bibi.

Tulijuana kwa sababu ya mlango. Ilikuwa jioni ya baridi, nimetoka kazini na mifuko yangu, nikaona mlango wake haukufungwa. Katika jengo lile watu hufunga mlango hata wakienda kutupa takataka, sasa mlango wa mwanamke mzee anayeishi peke yake ukiwa wazi unadhani nini? Nikadhani ameanguka. Ndani kunanukia samaki wa kukaanga na mafuta ya ufuta. Nikabisha, kimya. Nikausukuma, nikaingia na viatu vyangu vyenye theluji.

Nilimkuta amesujudu. Mbele yake meza fupi imejaa vyakula vilivyopangwa safu kwa safu: samaki mzima, matunda yaliyokatwa vichwa, maandazi ya mboga yaliyokaangwa kwenye kikaango, bakuli la supu, kikombe kidogo cha pombe. Nyuma ya vyote picha ya mwanamume mwembamba aliyevaa tai. Katikati bakuli la wali, na kijiko kimesimamishwa wima ndani yake kama mti uliopandwa. Mdomo ukaanza Ayatul Kursiy wenyewe bila kuniuliza.

Bibi alimaliza shughuli yake bila haraka, akainuka, akanitazama mimi, kisha mlango, kisha viatu vyangu. Nikajua natimuliwa. Badala yake akasema, "Umeingia naye."

Siku ile ilikuwa ya kumbukumbu ya kifo cha mumewe. Kwao, usiku au jioni ya siku kama hiyo, marehemu huandaliwa chakula, na mlango huachwa wazi ili apate kuingia. Sasa yeye kauacha wazi kwa ajili ya mumewe, na mimi nikausukuma kwa mkono wangu. Kwa hesabu yake tuliingia pamoja. "Alipenda kuleta watu nyumbani bila kuniambia," alisema, na uso wake haukuonyesha kama ni lawama au sifa. Akaniambia nivue viatu.

Baadaye nilimuuliza kwa nini asiufungue mlango mpaka mwisho kama ni wa mgeni. Alikuwa ameacha upenyo tu. Akanionyesha kwa viganja: "Mwembamba. Hapa panamtosha."

Chakula cha marehemu, akishamaliza, huliwa na waliopo, na ni baraka. Hilo sikulielewa vizuri siku ya kwanza, nilielewa tu kwamba ninalishwa. Nilimwambia dini yangu hairuhusu nguruwe wala pombe. Akafikiri, akahamisha vyombo huku akinong'ona, akaninyooshea kidole: hiki hapana, hiki hapana, samaki kula, tunda kula. Akanimiminia chai ya shayiri. Kuanzia mwaka ule kila siku hiyo ilipofika nilialikwa, nikakaa pembeni, sikusujudu wala hakuniambia nisujudu, na meza ile haikuwekwa tena nyama ya nguruwe. Sijui marehemu alilipokeaje hilo.

Mumewe alikuwa mwenye duka. Walikuja Toronto wakiwa vijana, wakafungua duka la pembeni mwa mtaa, lile la maziwa na sigara na tiketi za bahati nasibu, kama Wakorea wengi wa rika lao. Duka linafunguliwa kabla ya watu kuamka na linafungwa watu wakishalala, na hakuna Jumapili. Bibi alipika nyuma ya duka, na mumewe alikula mbele, amesimama, bakuli limefichwa chini ya kaunta, jicho kwenye mlango. Mteja akiingia anameza bila kutafuna. Siku moja ameinama kuchukua bakuli lake na hakuinuka. Mteja ndiye aliyekwenda kumwita bibi huko nyuma.

"Alikula amesimama mpaka akafa," bibi aliniambia. "Siku moja kwa mwaka, nataka ale amekaa."

Nilipomsikia akisema hivyo nililia, na sioni haya kusema. Baba yangu mimi alikuwa mpishi wa hoteli na naye sikumbuki kumwona amekaa.

Nilimweleza na ya kwetu. Nikamwambia sisi tunasoma hitima, tunapika pilau, tunalisha watu.

"Na aliyekufa anakula nini?" akauliza.

"Yeye anapata thawabu."

Akaizungusha kichwani ile habari, akichambua maharage yake. "Thawabu inashibisha?"

Mkono wake ulikuwa wa pilipili. Mwezi wa Novemba ulipoingia alinunua kabichi ndefu za Kichina, gunia kwa gunia, akazipasua na kuzilaza kwenye chumvi ndani ya bafu lake la kuogea. Bafu lake likijaa alikuja kugonga kwangu. Zuhura alitoka shule akakuta bafu letu limejaa kabichi, akaniuliza kwa Kiingereza, maana Kiswahili anakisikia lakini kukijibu ni kazi, yeye ataoga wapi. Bibi akamjibu kwa niaba yangu kwamba mtoto huweza kuoga kesho lakini kabichi haisubiri. Kesho yake tulikaa sakafuni, glavu za mpira mpaka kwenye viwiko, tukipaka kila jani rojo la pilipili, vitunguu saumu na dagaa kamba wa chumvi. Ukipaka vibaya ulichapwa mgongoni kwa kiganja. Kisha ulilishwa jani moja mdomoni kwa mkono wake, utake usitake, na hiyo ndiyo ilikuwa samahani yake. Kutamka samahani sijamsikia.

Lakini kwenye meza ya mumewe hapakuwa na pilipili hata chembe, wala kitunguu saumu. Waliokufa hawaviwezi, alisema, wanakimbia. Matunda ya pichi pia wanayakimbia. Basi siku ile mwanamke yule ambaye hata yai alilitia pilipili alipika vyakula vyeupe, vya upole, akivionja kwa ncha ya ulimi kana kwamba anampikia mgonjwa.

Siku moja Zuhura, akiwa mezani kwake, alitaka kupokea simu ya mwenzake, akakichomeka kijiko katikati ya wali na kukiacha kimesimama. Bibi alimpiga mkono kwa nguvu hata kijiko kikaruka. Mtoto akatoa macho. Mimi mwenyewe nilianza kupandwa na hasira, kwani mwanangu hupigwa na mimi tu. Lakini bibi alikuwa ameshapiga magoti sakafuni. Alikiokota kijiko, akakiosha, akakilaza kando ya bakuli. "Kikisimama ni cha aliyekufa," akasema. "Wewe uko hai. Wewe kilaze." Akampa Zuhura kipande kikubwa cha samaki, na yakaisha.

Sheria zake zilikuwa nyingi na hazikuandikwa popote. Kitu hutolewa na kupokewa kwa mikono miwili. Mkubwa ndiye anayeanza kunyanyua kijiko. Jina la mtu halifai kuandikwa kwa wino mwekundu, ni kumtakia kifo, na daftari la Zuhura lilipitiwa lote kwa kalamu ya bluu. Swali lake la kwanza kwa mgeni baada ya umekula lilikuwa una umri gani, na akishajua wewe ni mdogo kwake basi kazi imekwisha, ameshapata ruhusa ya kukugombeza. Kila niliporudi kutoka mazikoni alinisimamisha mlangoni akanirushia chumvi mabegani ndipo niingie. Mara moja chumvi hiyo iliniingia jichoni. Nikamwambia, "Bibi, utanipofusha." Akajibu kwamba kipofu ana afadhali kuliko mtu aliyeandamana na maiti.

Zuhura alipokuwa msichana wa sekondari akaingia wazimu wa tamthilia za Kikorea, yeye na shule nzima. Akajifunza lugha kwenye simu, akaja siku moja kwa mbwembwe kumsalimia bibi kwa Kikorea. Masikini, maneno aliyoyaokota ni yale ya wapenzi na marafiki wa rika moja. Kwa bibi ilikuwa sawa na mtoto wa Tanga kumkuta nyanya yake barazani akamwambia mambo vipi. Bibi alishika ukuta. "Aigo!" akalia, ambalo ndilo neno lake la furaha, uchungu, mgongo na bei ya nyanya. Halafu akacheka mpaka akafuta macho, akamfundisha salamu ya heshima na namna ya kuinama. Jioni ile alinigongea, sura imebadilika, akaniambia wajukuu zake mwenyewe hawajui hata hilo neno la mambo vipi.

Hapo ndipo palipokuwa pakimuuma. Pamoja na ubabe wake wote, hofu yake ilikuwa moja na hakuificha: akifa, nani ataweka meza? Ya mumewe, na ya kwake mwenyewe. Asiyeandaliwa, alisema, huzunguka na njaa milango ya watu. Mumewe angerudi kula amesimama, kwa watu baki.

Kwa mila yao kazi hiyo ni ya mwana wa kiume wa kwanza. Mwana alikuwapo. Aliishi Richmond Hill, mhandisi, mzee wa kanisa, mtu mzuri kabisa. Kila Jumamosi alimletea mama yake mchele na dawa, akaangalia mabomba, akabadilisha taa. Mimi mweusi wa mlango wa pili aliniinamia kwa heshima iliyonitia haya. Ila alikuwa ameokoka, na katika kanisa lao kuisujudia picha ya maiti ni kuabudu sanamu. Hakuwa anajificha nyuma ya dini kukwepa kazi. Aliamini, unamwona usoni.

Na bibi naye, ajabu, hakukosa kanisa. Kila Jumapili alivaa vizuri akachukuliwa na gari la mwanawe, akaimba nyimbo zote, akarudi na keki za wali kwenye mfuko. Biblia yake ya herufi kubwa alikuwa akiiweka kando ya picha ya mumewe, na picha iko mbele kidogo. Nilimuuliza anawezaje kuyashika yote mawili. Akanitazama kama mtu aliyeulizwa swali la kitoto.

"Mungu ana watu wengi wa kumhudumia," alisema. "Mume wangu ana nani?"

Mwaka mmoja mwana alikuja siku ile ya kumbukumbu. Sijui kama alisahau tarehe, wao huihesabu kwa mwezi na kila mwaka huangukia kwingine. Nilikuwa nimekaa pembeni na chai yangu. Alivua viatu, akaiona meza, akasimama pale pale na soksi zake. Mama yake akamnyooshea kikombe cha pombe kwa mikono miwili. Walisemezana Kikorea, na baadaye bibi alinisimulia neno kwa neno, maana kwa wiki nzima hakuwa na jambo jingine la kusimulia.

"Mimina. Mpe baba yako."

"Mama, baba yuko mbinguni. Hahitaji wali."

"Uliwahi kumpelekea ukaona kakataa?"

"Nitamwombea."

"Omba. Ukimaliza, mimina."

Akatingisha kichwa. Machozi yalimtoka mtu mzima yule, niliyaona, na sikuhitaji tafsiri. Akapiga magoti, lakini alimgeukia mama yake, picha ikabaki ubavuni. Akamshika ile mikono yenye kikombe, pombe ikamwagika kwenye mkeka. Akamwambia, "Ukiwa hai nitakulisha kwa mkono wangu huu mpaka siku ya mwisho. Ukishakufa siwezi kukusujudia. Usiniombe hilo."

Bibi aliipangusa ile pombe, akamimina nyingine, akamwekea mumewe mwenyewe.

Sikumlaumu yule mwana, na wala sasa simlaumu. Mimi mwenyewe ningeambiwa nisujudu ningekataa, hata kwa baba yangu. Watu wetu husema mwacha mila ni mtumwa, lakini msemo huo haukumwambia mtu afanye nini mila na imani vikimshika huku na huku. Nilichojua ni kwamba nyumba ile ilikuwa na watu wawili wanaopendana na hakuna hata mmoja aliyeweza kumpa mwenzake kitu kimoja alichokitaka.

Na kulikuwa na binti. Hili ndilo linaloniudhi mpaka leo. Bibi alikuwa na binti anayekaa Mississauga, ameolewa na Mgoa mzaliwa wa Nairobi ambaye tukikutana kwenye lifti aliniamkia "habari yako, mama" kwa Kiswahili safi kuliko cha mwanangu. Binti huyu kila mwaka alikuja mapema kusaidia kupika. Alijua samaki anaelekezwa wapi kichwa, tunda lipi linatangulia, supu inatolewa saa ngapi. Hakuwa na tatizo na kusujudu. Siku moja, mikono yake imejaa unga, alimwambia mama yake mbele yangu, kwa Kiingereza ili nisikie, "Mama, mimi nitaweka meza. Ya baba na yako. Acha kuhangaika."

Bibi hata hakugeuka kutoka kwenye kikaango. "Wewe umeolewa. Wewe ni wa nyumba ya watu."

"Bibi," nikadakia, maana mdomo wangu sijawahi kuuweza, "kwani wewe si mwanamke? Na mbona unaweka?"

"Mimi ni mke wake. Naweka kwa shida, kwa kuwa mwanamume hayupo. Shida si desturi."

"Basi na yeye aweke kwa shida."

Akagonga mwiko. "Kwa wakwe zake aweke. Hapa si kwake."

Binti alinawa mikono, taratibu, kidole kimoja kimoja. Aliendelea kuja kupika miaka iliyofuata, lakini neno lile hakulirudia. Nilikasirika nikakaa siku kadhaa bila kumgongea bibi. Anayeweza anakatazwa, anayetakiwa hawezi, na mwenye haja ndiye aliyeshika kufuli. Nilimwambia hivyo hivyo nilipopatana naye. Alinilisha jani la kabichi.

Kisha akaanza kupotea. Mwanzo ni vitu vidogo: kofia ndani ya jokofu, mimi kuitwa kwa jina la mtu mwingine. Halafu siku ya kumbukumbu ikaanza kuja mara kwa mara. Nilitoka lifti nikakuta mlango una upenyo na samaki ananukia, na mwezi uliopita tu tulishaifanya. Nikaingia, nikakaa, nikala. Wiki mbili baadaye tena. Mwishowe ikawa karibu kila wiki, meza inazidi kupungua vyakula, mara ya mwisho wali na chumvi tu, na picha. Majirani wakalalamikia harufu. Uongozi wa jengo ukabandika onyo kwamba milango ya nyumba lazima ifungwe kwa ajili ya usalama wa moto. Bibi alilibandua akafunikia bakuli.

Moto wenyewe ulikuja kweli. Kikaango kilisahauliwa jikoni, moshi ukajaa ukumbini, tukashuka ngazi zote na makoti juu ya nguo za kulalia ingawa ilikuwa mchana. Bibi alishuka amekumbatia picha. Alikuwa akimuuliza kila mtu kule chini kama amekula. Mwana alikuja, akasimama naye kwenye theluji, akamfunga vifungo vya koti kimoja baada ya kingine, na kabla ya mwezi kwisha alimhamishia kwenye nyumba ya kutunzia wazee, kule Richmond Hill, karibu na kwake. Hapo pia sikumlaumu.

Nilikwenda kumwona mara chache, na ya mwisho ilikuwa mwaka huu, baridi ikielekea kwisha. Nilipanda basi la kwenda kaskazini na kopo la samaki wa kupaka, nimepunguza pilipili. Mhudumu aliniingiza akafunga mlango nyuma yangu. Wa bibi hufungwa, aliniambia, kwani akiuona wazi hutoka kwenda kulitafuta duka. Chumba kilikuwa safi. Picha ya mumewe ilikuwa juu ya kabati, na aliyeiweka pale ni yule yule mwana asiyeisujudia. Bibi alikuwa amekaa kitini na sinia la chakula cha mchana mbele yake: wali, supu, kipande cha samaki. Alikuwa amepungua mpaka kola ikamzidi shingo.

"Bibi, shikamoo," nikasema, kwa kuwa alikuwa amelizoea. Akanitazama. Nikasubiri. Kwa mara ya kwanza tangu tujuane hakuniuliza kama nimekula.

Alikuwa na kazi. Alikuwa akisogeza vyombo juu ya sinia, samaki huku, supu huku, anavirudisha, anavisogeza tena, mpaka vikakaa anavyotaka. Halafu akachukua kijiko, akakipima, akakisimamisha wima katikati ya wali. Akaondoa mkono. Kikasimama.

Nikatazama picha. "Leo ni siku yake, Bibi?"

Akatingisha kichwa. Akaweka kiganja kifuani.

"Yangu."

"Bibi, wewe uko hai. Wewe kilaze."

"Nakula sasa," akasema, kwa sauti ile ile ya zamani, ya mtu anayepanga mambo ya nyumba yake. "Baadaye hakuna mtu." Akainua kidevu kuelekea nyuma yangu. "Fungua mlango."

Nikaenda nikaufungua. Ukumbini alikuwa anakuja mwanawe, kofia mkononi na chombo cha uji wa boga. Aliniinamia kama siku zote, akaingia, akavua viatu, na hapo ndipo akaliona bakuli. Mimi nimefundishwa maana ya kijiko kile, yeye amezaliwa nayo. Nilimwona akibadilika rangi kutoka shingoni mpaka masikioni.

Alikwenda akapiga magoti mbele ya kiti. Alikichomoa kijiko kwa mikono miwili. Akakifuta kwa leso yake, akafumba macho akaomba, midomo ikicheza bila sauti, kisha akachota wali kidogo akaupeleka kwenye mdomo wa mama yake.

"Mama, kula."

Bibi hakumtazama. Alikuwa akitazama lile tundu lililobaki katikati ya wali. Mdomo aliufumba.

"Mama. Kula. Mimi hapa."

Mkono wa mwana ulibaki pale pale, haujashuka, na wali ukaanza kudondoka punje punje kwenye goti lake. Alikuwa anatimiza ahadi yake mtu yule, neno kwa neno, na ahadi yenyewe haikutakiwa. Sikuweza kuendelea kutazama. Nikaweka kopo langu la samaki juu ya kabati, kando ya picha, nikamshika bibi bega, nikaaga.

"Tafadhali funga mlango," mwana akaniambia bila kugeuka. "Anasikia baridi."

Nikamwitikia. Nikatoka, nikauvuta mlango taratibu mpaka ukakaribia kufungika, nikauachia pale. Ulibaki upenyo, si mkubwa, wa mtu mwembamba kupita.